Nyigu wa paani na nyigu wa ukutani: nani ndugu wa nani?

*"Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari ya kata wilayani Muheza. Chini ya paa la darasa la kidato cha tatu kuna nyigu weusi wenye wekundu, miguu mirefu inayoning'inia wakiruka, na kiota chao ni kama sega la karatasi lililotundikwa kwa uzi. Ukutani, upande wa pili, kuna nyigu mwingine anayejenga kwa udongo, naye yuko peke yake siku zote. Wanafunzi wananiuliza kama hawa wawili ni jamii moja, na kama ni ndugu wa nyuki. Mmoja alisoma kwenye simu kwamba nyigu walianza kuishi kijamii mara moja tu katika historia yao, mwenzake akaja na andiko linalosema mara mbili. Nimeshindwa kuwaamulia. Wakati huohuo mkuu wa shule anataka kiota kichomwe moto kabla ya mitihani, kwa sababu mwaka jana mwanafunzi mmoja aliumwa akavimba uso. Niwaambie nini, na nifanyeje?"*

Mwalimu, kabla ya yote mwombe mkuu wa shule arudishe kiberiti mfukoni. Mwenge ukiwashwa chini ya kenchi za mbao unaweza kuondoka na darasa zima, na nyigu wanaokimbia moto humshukia aliyeushika. La pili, kamuulize yule mwanafunzi au mzazi wake swali moja: aliumwa wapi? Kama mwiba uliingia shavuni, uso kuvimba ni kawaida, sumu imefanya kazi palepale ilipowekwa. Kama aliumwa mkononi au mguuni halafu uso ndio ukavimba, huo ni mzio wa mwili mzima, na mtoto huyo anatakiwa aonwe na daktari hata kama leo ni mzima kabisa. Nitalirudia hilo mbele. Sasa twende darasani.

Wanafunzi wako wameuliza swali zuri kuliko wanavyojua, na jibu lake litawashangaza: yule wa udongo, kama ndiye ninayemdhania, ana undugu wa karibu zaidi na nyuki kuliko alio nao na wale wa paani. Najua inasikika kama nimekosea kuandika. Nipe nafasi nieleze.

Kiswahili chetu kinawagawa wadudu hawa kwa ukali na kwa umbo. Utasikia nyigu, mavu, dondora. Kwa wengine dondora ni yule wa udongo, kwa wengine ni yeyote mwenye kiuno chembamba, na mavu ni yule mkubwa ambaye ukimwona unabadilisha njia. Sioni kosa hapo, maana jina la mtaani kazi yake ni kukuonya. Mwainishaji wa viumbe anauliza jambo jingine kabisa: nani ametokana na nani? Kwake umbo na tabia ni ushahidi wa nasaba tu, na ushahidi kama mashahidi wa mahakamani, wapo wanaodanganya bila kujua. Watu wawili wanaweza kufanana kwa sababu ni ndugu, na wanaweza kufanana kwa sababu wote ni makuli wa bandari moja.

Nyigu, nyuki, sisimizi na siafu wote wako oda moja, yaani kundi kubwa lenye familia nyingi ndani yake, iitwayo Hymenoptera. Ndani ya oda hiyo kuna kundi kubwa la wenye mwiba. Mwiba huo hapo kale ulikuwa mrija wa kutagia mayai. Katika kundi hili mrija uliacha kupitisha mayai ukawa sindano ya sumu. Ndiyo maana nyigu dume hawezi kukuchoma hata ukimshika kiganjani: chombo chenyewe ni cha kike tangu asili. Na mwanzoni sindano hiyo haikuwa ya kukufukuza wewe. Ilikuwa ya kumpooza kiwavi au buibui alale bila kuoza, mtoto wa nyigu amle akiwa mbichi. Matumizi ya kulinda nyumba yalikuja baadaye, walipopata nyumba yenye kitu cha kulinda.

Wengi hudhani nyigu ni nyuki aliyeharibika, nyuki asiye na asali. Ukweli umekaa upande wa pili: nyuki ni nyigu walioacha nyama. Tawi moja la nyigu wawindaji liliacha kuwalisha watoto wadudu likaanza kuwalisha chavua, na kutoka hapo wakaenea nyuki wote unaowajua. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ndugu wa karibu kabisa wa nyuki ni vijinyigu vidogo mno vya kundi la Ammoplanidae, ambavyo huwinda thripsi, wale wadudu wanaowasumbua wakulima wa vitunguu. Sisimizi nao walitoka hukohuko kwa nyigu. Mwaka 1967 Edward O. Wilson, mtaalamu wa sisimizi, na wenzake wawili walieleza mdudu aliyekutwa ndani ya kaharabu ya New Jersey, Marekani, ile gundi ya mti iliyogeuka jiwe, yenye umri wa miaka milioni 90 hivi. Mwili wake ulikuwa nusu sisimizi, nusu nyigu, wakampa jina Sphecomyrma, yaani sisimizi-nyigu. Na uchambuzi wa vinasaba wa mwaka 2013 uliweka sisimizi karibu na nyuki na nyigu wa udongo, huku nyigu wa karatasi wakiwa tawi lililojitenga mapema zaidi.

(Mchwa waache nje ya hesabu hii. Wana malkia, wana askari, lakini ni jamaa wa mende. Wanafunzi lazima watauliza.)

Kwa hiyo neno "nyigu" halitaji tawi moja la ukoo. Ni kama ukoo mzima ungekuwa na jina moja, kisha familia mbili zikahama kijiji, moja ikageukia biashara ya maua na nyingine ikaacha kuruka ikaanza kutembea kwa miguu, watu wakazipa majina mapya. Waliobaki bado wanaitwa kwa jina la zamani, lakini kuitwa hivyo hakumaanishi kwamba wao kwa wao ndio wa karibu zaidi.

Tumrudie yule wa ukutani, maana hapa kuna njia panda na huwezi kuamua kwa kuangalia udongo peke yake. Tazameni anachobeba. Au chukueni kiota cha zamani kilichoachwa mkipasue. Mara nyingi kuna chumba ambacho yai halikufaulu na windo limekaukia humo. Mkikuta buibui, tena wengi wamebanana kama dagaa, mwenye nyumba ni Sceliphron wa familia ya Sphecidae, mwenye kiuno kama uzi na vijumba vya udongo vilivyolazwa sambamba kisha vikapigwa lipu kwa juu. Huyo yuko upande wa nyuki. Mkikuta viwavi, na hasa kama kiota kina umbo la mtungi mdogo wenye mdomo, basi huyo ni wa familia ndogo ya Eumeninae, na yeye ni ndugu wa kweli wa wale wa paani ingawa anaishi peke yake. Umeandika "yuko peke yake siku zote" bila kutaja umbo la kiota. Nyumba za shule na makazi huwa na Sceliphron kwa wingi, ndiyo maana nimemdhania yeye.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji kupasua kitu, nami nakipenda kuliko vyote. Karibu kila nyigu wa familia ya Vespidae, ambamo wamo wale wa paani, akitua hukunja mbawa zake za mbele kwa urefu, kama unavyokunja karatasi ya mtihani katikati, zikabaki nyembamba kama vijiti viwili mgongoni. Sceliphron huzilaza bapa. Angalia na jicho: la Vespidae lina pengo upande wa ndani, limejikunja kama punje ya haragwe. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilimwandika Sceliphron chini ya Vespidae kwa sababu tu alikuwa mwembamba na mkali wa sura, nikarudishiwa karatasi ina mstari mwekundu. Tangu siku hiyo sitazami kiuno kabla ya mbawa.

Vespidae wana takriban spishi 5,000, na wengi wao hawaishi kijamii hata kidogo. Kila jike anajenga, anawinda, anataga, anaondoka. Wanaoishi kijamii ni karibu 1,000, nao wako katika familia ndogo tatu. Polistinae ndio wetu hasa: Polistes, Ropalidia, Belonogaster, na katika misitu mizito ya Kongo wapo Polybioides, ambao huhama kwa makundi wakaanzisha kiota kipya pamoja. Nyigu wako wa paani, kwa miguu ile inayoning'inia na sega lililo wazi bila ganda la nje, karibu hakika ni Belonogaster. Jenasi hiyo ilipewa jina katika miaka ya 1850 na Henri de Saussure wa Geneva, aliyeandika juzuu nzima juu ya nyigu wa jamii. Mwalimu mwenzako wa Kiswahili aliyesoma isimu atalifahamu jina la ukoo huo: Ferdinand de Saussure, baba wa isimu ya kisasa, alikuwa mwanawe. Baba alipanga nyigu, mwana akapanga lugha.

Familia ndogo ya pili ni Vespinae, wale wakubwa wenye viota vilivyofungwa kwa ganda na malkia anayetofautiana waziwazi na wafanyakazi. Tanzania na Kenya hatuna wa asili. Wasomaji wetu wa Oman wanao: Vespa orientalis, mwekundu wa kahawia mwenye mkanda wa njano, anayevamia mizinga ya nyuki na kuwatia hasara wafugaji. Na kule Rasi ya Afrika Kusini yuko Vespula germanica, mgeni kutoka Ulaya aliyeonekana huko tangu mwaka 1974. Ya tatu, Stenogastrinae, haipo Afrika kabisa. Ni wadudu wapole wa misitu ya Asia ya kusini na kusini mashariki, wanaoishi wachache wachache kwenye viota vidogo. Huenda hutawaona maishani mwako, lakini hao ndio waliowagombanisha wanafunzi wako.

Mgogoro wenyewe ni huu. Mwaka 1982 James Carpenter, Mmarekani, alichambua maumbile na tabia za Vespidae wote akawaweka Stenogastrinae, Polistinae na Vespinae kwenye tawi moja. Kama wote watatu wa jamii ni tawi moja, maelezo mepesi ni kwamba ujamaa, yaani kuishi kijamii, ulianza mara moja, kwa babu yao mmoja. Kazi ile ilikuwa nzuri, ikafundishwa miaka mingi, na mwanafunzi wako wa kwanza amesoma andiko lililotokana nayo. Kisha vikaja vinasaba. Mwaka 1998 Wajerumani wawili walidokeza kwamba Stenogastrinae wako mbali na wenzao. Mwaka 2007 Heather Hines na wenzake walipanga vipande vinne vya jeni wakapata jambo hilohilo: Stenogastrinae walijitenga mapema, na katikati yao na wale wengine wa jamii wamesimama nyigu wanaoishi peke yao. Hapo maelezo mepesi yanageuka: ujamaa ulianza mara mbili, kila tawi kwa wakati wake.

Carpenter hakukubali kirahisi. Mwaka 2010 yeye na Kurt Pickett walichanganya maumbile, tabia na vinasaba kwa pamoja, wakarudi na jibu la mara moja. Ubishi ukaendelea mpaka 2017 na 2018, zilipotoka tafiti mbili za mamia ya jeni badala ya vipande vichache, na zote zikaunga mkono mara mbili. Mimi niko upande huo, na si kwa sababu ya wingi wa jeni tu. Stenogastrinae hawakunji mbawa kama wenzao, na majike huwatengenezea watoto ute mzito unaotoka kwenye tezi ya fumbatio (sehemu ya tumbo), jambo ambalo Polistinae na Vespinae hawalifanyi. Ukiwatazama hivyo, wanafanana na watu waliojenga nyumba ileile kwa matofali tofauti. Tafiti hizo mpya zimeleta na jambo jingine: ndugu wa karibu wa Polistinae na Vespinae ni kundi la Zethinae, ambao wengi huishi peke yao lakini baadhi hushiriki kiota kimoja, na wapo wanaojenga kwa majani yaliyotafunwa badala ya udongo. Kutoka kutafuna majani mpaka kutafuna mbao na kutengeneza karatasi si safari ndefu.

Basi waamulie hivi: aliyesema mara moja amesoma elimu ya jana, aliyesema mara mbili amesoma ya leo, na kilichobadilika ni mchoro wa ukoo. Wote wawili wape alama, maana wote walitafuta.

Sasa lile wanalotaka kujua kweli, hata kama hawakuliuliza: kwa nini jike akubali kulea watoto wa mwenzake?

Ngazi ya kwanza unaweza kuiona hapa hapa Afrika. Émile Roubaud, mtaalamu wa wadudu Mfaransa, alikwenda Kongo mwaka 1906 na msafara wa kuchunguza malale, na pembeni ya kazi hiyo akawa anatazama nyigu wa udongo wa jenasi Synagris, wale wakubwa ambao madume ya spishi moja, Synagris cornuta, wana pembe mdomoni. Akaona spishi za jenasi moja zikilea kwa njia tofauti. Mmoja hujaza chumba viwavi waliopooza, akataga, akafunga mlango, akaondoka bila kumwona mwanawe. Mwingine huleta viwavi kidogo kidogo kadiri buu linavyokua. Na cornuta hukitafuna kiwavi mpaka kikawa donge laini, akalilisha buu mdomoni siku hadi siku. Roubaud aliona humo njia ya kuelekea ujamaa, na hoja yake bado ina nguvu. Mama anayelisha kila siku analazimika kuishi muda mrefu na kukaa nyumbani. Akiishi muda mrefu, binti wa kwanza atatoka kwenye chumba chake mama bado yupo, wadogo zake bado wana njaa, na nyumba tayari imejengwa.

Binti huyo ana njia mbili: aende akaanze moja, au abaki. Kuanza moja ni hatari. Jike peke yake akienda kuwinda, sisimizi wanaingia. Akifa watoto wakiwa nusu njia, kazi yote imepotea. Akibaki akafa, wenzake wanamalizia. Raghavendra Gadagkar, Mhindi aliyetumia maisha yake kuwachunguza Ropalidia, ameieleza hoja hii vizuri sana: msaidizi anavuna hata akifanya kazi siku chache, kwa sababu kazi yake haifi naye.

Katika vitabu utakuta maelezo mengine, ya hesabu ya undugu, na hapa tahadhari, maana yanafundishwa nusu. Nyigu jike hutokana na yai lililorutubishwa, dume hutokana na yai lisilorutubishwa. Dume ana seti moja tu ya jeni, kwa hiyo mbegu zake zote zinafanana, na mabinti wa baba mmoja wanashirikiana robo tatu ya jeni badala ya nusu kama mimi na dada yangu. William Hamilton, mwanabiolojia Mwingereza, alilionyesha hili mwaka 1964, na watu wakafurahi: kumbe dada wa nyigu ana thamani kuliko binti! Tatizo ni kwamba kwa kaka yake undugu ni robo tu. Mama akizaa jike na dume sawasawa, wastani unarudi nusu. Na mchwa, wasio na mpango huu wa mayai, wana jamii kubwa kuliko nyigu wote. Kilichobaki imara katika kazi ya Hamilton ni kanuni yenyewe: msaada hulipa pale faida kwa ndugu, ukizidisha kwa kiwango cha undugu, inapozidi hasara ya msaidizi. Utafiti wa mwaka 2008 uliongeza kipande kizuri: katika matawi yote manane ya nyuki, nyigu na sisimizi wa jamii yaliyochunguzwa, mababu walikuwa na majike waliopandana na dume mmoja. Mama akiwa na mume mmoja, wadogo zako wana undugu nawe sawa na watoto wako, na hapo faida ndogo tu ya kubaki nyumbani inatosha kuinamisha mizani.

Belonogaster ni wazuri kufundishia hili kwa sababu kwao mambo bado hayajakaza. Majike wote wanafanana. Hakuna aliyezaliwa malkia. Mara nyingi kadhaa huanzisha kiota pamoja, na nani atage huamuliwa kwa kusukumana, kupandiana na kuoneshana ubabe, kama Leo Pardi, mtafiti Mwitaliano, alivyowahi kuuona kwa Polistes wa Italia katika miaka ya 1940. Anayeshindwa leo anaweza kutaga kesho mkubwa akifa.

Chakula nacho kinawafunga pamoja. Kile kiuno ambacho washairi wetu wanakisifu kina gharama: kitu kigumu hakipiti. Nyigu mzima hutafuna kiwavi, lakini nyama huipeleka kwa mabuu, na yeye hunywa maji maji, nekta, na mate yanayotolewa na mabuu wenyewe yakiwa na virutubisho vingi. Hivyo mtoto analishwa naye analisha. Na ule "uzi" unaoshikilia kiota umeundwa kwa akili nyingi: ni njia moja tu ya kuingilia, na majike huupaka dawa ya kufukuza sisimizi kutoka kwenye tezi ya tumbo. Mkiwa na subira mtamwona mmoja akiusugua kwa ncha ya fumbatio.

Haya, kiota kifanywe nini?

Kama kiko juu, mbali na mlango na madawati, na watoto hawakirushii mawe, kiacheni. Hawa ni wawindaji wa viwavi, na kama shule ina bustani ya mboga mnafanyiwa kazi bure. Kwa kawaida kundi la namna hii hukaa miezi kadhaa kisha kiota huachwa. Kama kiko juu ya mlango, karibu na swichi ya taa, au mahali ambapo kichwa cha mwanafunzi mrefu kinakaribia, kiondolewe, sitasema vinginevyo. Aitwe mtu mwenye uzoefu, si mwanafunzi aliyeadhibiwa wala mlinzi aliyejitolea. Ifanyike usiku wote wakiwa wametulia, mwili umefunikwa mpaka shingo na viganja, ngazi imeshikwa na mtu wa pili, na kama ni dawa ya kupuliza, darasa lifunguliwe madirisha na lisitumike mpaka lipate hewa. Msitegemee moshi kama wa warina asali. Nyuki akisikia moshi hukimbilia kujaza asali tumboni, nyigu hana asali ya kukimbilia. Yule wa udongo mwacheni kabisa. Hana kundi la kulinda, na mtu huchomwa naye pale anapomfinya tu.

Akiumwa mtoto, ondokeni kwanza eneo hilo, maana nyigu haachi mwiba na anaweza kurudia. Osheni kwa sabuni, wekeni kitambaa cha maji baridi. Maumivu na uvimbe mahali palipoumwa hupungua wenyewe. Lakini mkiona vipele vya mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukauka, kupumua kwa shida, kizunguzungu au kutapika, msisubiri hata dakika kumi kuona itakuwaje. Kituo cha afya chenye sindano ya adrenalini ndiko pa kukimbilia, na tafuteni usafiri huku mkipiga simu. Vivyo hivyo aliyeumwa ndani ya mdomo au kooni, au aliyechomwa mara nyingi kwa mpigo. Mtoto aliyevimba uso mwaka jana, kama jibu la "uliumwa wapi?" ni mkono au mguu, apelekwe kwa daktari wiki hii, na mpaka hapo asikalie dawati la upande huo.

Jina la spishi siwezi kukupa kwa maelezo ya maneno, na hata picha ya simu huwa haitoshi kwa Belonogaster. Mkipata aliyekufa sakafuni, mhifadhini kwenye kichupa chenye spiriti, andikeni tarehe na mahali, mkampeleke kwa wataalamu wa wadudu Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako kuna makusanyo ya kulinganishia. Na kiota kikishaachwa, kikateni kwenye kikonyo kikiwa kizima. Wagawieni wanafunzi lenzi, wahesabu vyumba, watafute vilivyozibwa kwa kifuniko cheupe na vilivyo wazi, kisha walete na kile cha udongo wakiweke pembeni.